Mugithi, Tekno na Tuhuma ya Mfanano

Miongoni mwa hukumu zinazotolewa kwa wepesi mkubwa dhidi ya muziki wa mashine, hakuna iliyozoeleka kama ile isemayo kwamba nyimbo zake zote ni moja. Husemwa juu ya tekno inayopigwa katika tafrija za usiku kucha karibu na Ziwa Naivasha. Husemwa juu ya singeli ya Dar es Salaam. Na katika miji midogo ya Bonde la Ufa husemwa kwa ukali zaidi juu ya mugithi, muziki wa mpiga gitaa mmoja anayesaidiwa na kinanda cha umeme. Msemaji husikiliza kwa dakika tano, akautambua mdundo ule ule alioupitia saa moja kabla, akafunga daftari. Hukumu hiyo ingekuwa ya kuchekesha lau ingebaki baani. Tatizo ni kwamba imeingia madarasani, na humo imevishwa joho la nadharia.

Gilgil ni mahali panapofaa kuianzia hoja hii. Ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru inaupitia, kambi ya jeshi na chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa viko jirani, na hapo ndipo ilipochepuka, mwaka 1929, reli ya kwenda Thomson's Falls, yaani Nyahururu ya leo, kutoka katika reli kuu iliyokuwa imefika Nakuru mwaka 1900. Neno mugithi katika lugha ya Kikikuyu lina maana ya garimoshi. Wachezaji hushikana mabega au viuno, mmoja nyuma ya mwenziwe, wakauzunguka ukumbi kama mabehewa yanayoifuata injini. Katika mji uliozaliwa na reli, basi, ngoma hiyo haihitaji mfasiri.

Mtendaji wa mugithi ana gitaa, kipaza sauti, na kinanda kinachompa ngoma na besi. Mtindo huu ulishamiri kuanzia miaka ya 1990, pale wenye baa walipoona kwamba kumlipa mtu mmoja ni rahisi kuliko kulilipa bendi zima, nao wapigaji kama Mike Rua na Salim Junior wakaupa jina na hadhira. Ajabu yake ni kwamba mpigaji haimbi nyimbo, kwa maana ya kuanza wimbo, kuumaliza na kungojea makofi. Huanza na benga ya Joseph Kamaru au ya Daniel Kamau. Kabla haijafika mwisho huwa amekwisha kuingia katika wimbo wa ibada ambao maneno yake ameyapinda hata wazee wa kanisa wakiyasikia wanainamisha vichwa. Kutoka hapo huenda kwenye wimbo wa vita vya Mau Mau, kisha kwenye wimbo wa wachunga ng'ombe wa Marekani unaopendwa sana katika nyanda hizo, na kurudi alikotoka. Mdundo haukatiki. Katikati ya hayo huisalimu meza hii, huitania ile, humtaja mgeni aliyeingia sasa hivi, huwapa walevi onyo na wachumba baraka. Saa nne au tano hupita hivyo.

Sasa na aulizwe mhakiki aliyefunga daftari lake: kazi ya sanaa hapa ni ipi? Akijibu kwamba ni wimbo, amekwisha kupotea, maana amelichukua behewa moja akaliita garimoshi. Akijibu kwamba ni usiku mzima, basi tuhuma yake ya mfanano inaporomoka, kwa sababu jambo alilolilaumu, yaani kutokubadilika kwa mdundo, ndilo linaloyawezesha mambo mengine yote kubadilika bila ya msafara kuvunjika.

Asili ya tuhuma hiyo haiko Gilgil wala Nairobi. Mwaka 1941 Theodor Adorno, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyekuwa uhamishoni Marekani, alichapisha makala mashuhuri kuhusu muziki pendwa. Alidai kwamba wimbo wa kibiashara hufuata kiolezo kilichokwisha kukatwa, na kwamba sehemu yake yoyote yaweza kung'olewa na kutiwa nyingine bila ya wimbo kudhurika. Ilhali katika kazi ya Beethoven kila sehemu hupata maana yake kutokana na nafasi iliyo nayo katika umbo zima. Adorno alikuwa na sababu zake. Alikuwa ameona jinsi biashara ya burudani inavyomwuzia mtu kitu kile kile katika karatasi mpya, na hofu yake haikuwa ya kipuuzi. Lakini sikio lake lilikuwa juu ya wimbo wa dakika tatu wa redio na santuri. Wanaomrudia leo wameazima hukumu bila ya kuangalia kilichohukumiwa. Kule kung'oleka na kubadilishika kwa sehemu, ambako kwake ni dalili ya ufu, kwa mpiga mugithi ndiko mwanzo wa utunzi: yeye hutunga kwa kung'oa na kupachika.

Ndivyo ilivyo kwa tekno vilevile, na hapa yafaa kusema machache juu ya chimbuko lake, kwani wengi huidhania kuwa ni muziki wa Wazungu wa Berlin. Ilianzishwa na vijana weusi wa Detroit: Juan Atkins, ambaye tangu mwaka 1981 alikuwa akitoa rekodi pamoja na Rick Davis kwa jina la Cybotron, na wenziwe wa shuleni huko Belleville, Derrick May na Kevin Saunderson. Jina tekno lilienea hasa baada ya mkusanyo wa nyimbo zao kutolewa Uingereza mwaka 1988. Hawakuwa na bendi. Walikuwa na mashine, na masikioni mwao walikuwa na Wajerumani wa Kraftwerk, ambao mwaka 1977 walitoa albamu iliyoiga mwendo wa garimoshi la kuvuka Ulaya. Kwa mara nyingine, garimoshi.

Lakini kisa kinachofundisha zaidi ni cha Chicago, mji jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mashine ndogo iitwayo TB-303. Ilikusudiwa kumfaa mpiga gitaa asiye na mwenziwe wa kumpigia besi. Yaani, pasipo waundaji wake kujua, ilikusudiwa mtu wa aina ya mpiga mugithi. Haikuuzika, na mwaka 1984 ikaachwa kuundwa. Mashine zilizobaki zikaangukia mikononi mwa vijana wasio na fedha nyingi, na kikundi kimoja cha Chicago, Phuture, kikavizungusha vitufe vyake kinyume cha makusudio mpaka besi ikawa mlio wa kiumbe kisichojulikana. Rekodi yao, "Acid Tracks" ya mwaka 1987, ni zaidi ya dakika kumi za mdundo mmoja na mlio mmoja unaojigeuza polepole. Msikilizaji wa Adorno angesema hakuna kilichotokea. Mchezaji aliyekuwapo ukumbini angesema kimetokea kimoja tu, nacho kilimtosha.

Kutoka haja moja, basi, ya mtu aliye peke yake na chombo chake, zilichipuka njia mbili. Chicago waliiharibu mashine ili itoe sauti mpya. Bonde la Ufa mpigaji aliiacha mashine ifanye kazi yake ya kawaida, akaupeleka ubunifu wake wote katika maneno, mpito na mzaha. Anayezipima njia hizi mbili kwa swali moja la upya wa sauti ataisifu ya kwanza na kuidharau ya pili, na atakuwa amepima maji kwa rula.

Ufundi wa mchezesha santuri wa tekno ni kuunganisha. Ana sahani mbili zinazozunguka. Huurekebisha mwendo wa moja mpaka mipigo yake iwiane na ya nyingine, kisha huipitisha hadhira kutoka hii hadi ile bila ya miguu kutambua mpaka. Ndiyo sababu rekodi nyingi za aina hiyo huanza na kuishia na ngoma tupu kwa muda mrefu: ni mahali palipoachwa kwa ajili ya kulabu. Mkazi wa Gilgil hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Reli ya zamani ina upana wa mita moja. Reli mpya iliyofika upande wa Naivasha mwaka 2019 ina upana wa milimita 1,435, na kwa hiyo behewa la reli moja haliwezi kuendelea juu ya nyingine; mzigo unaokwenda mbele sharti uhamishwe. Hakuna aliyepata kuilaumu reli kwa kuwa na upana ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo inayoifanya kuwa reli.

Kwamba mambo haya yawe magumu kwa wahakiki wa Kiswahili, wao kuliko wahakiki wa lugha yoyote nyingine, ni jambo la kustaajabisha. Fasihi waliyolelewa nayo imejengwa juu ya mfanano. Tangu Amri Abedi alipoziandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, kila mwanafunzi amefundishwa kuhesabu mizani nane kwa nane, kupanga vina, na kukitunza kituo. Utendi wa Tambuka, ambao ni wa mwaka 1728, una zaidi ya beti elfu moja, na kipande cha mwisho cha kila ubeti kinarejea kwenye kina kile kile kutoka mwanzo wa utendi hadi mwisho wake. Je, yupo profesa aliyethubutu kusema kwamba beti hizo zote ni moja? Hayupo. Atasema, na kwa haki, kwamba kina cha bahari ni mhimili. Kwamba sikio likikwisha kulizoea pigo linaloturejesha nyumbani, hubaki huru kufuata vita, hila na dua. Profesa huyo huyo akitoka mhadharani, akapita mbele ya baa ambamo mpigaji anafanya jambo lilo hilo kwa kinanda, huuita mhimili huo umaskini.

Tena kuna takhmisa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, anayejulikana zaidi kwa Al-Inkishafi, aliyachukua maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo na kuyatungia mishororo mitatu mbele ya kila ubeti, hata ukawa wa mishororo mitano. Zaidi ya thuluthi moja ya kazi hiyo, kwa hesabu ya mishororo, ni ya mtu mwingine, na hakuna aliyemwita mwizi. Alihesabiwa kuwa bingwa kwa sababu aliweza kuyafikia maneno ya mkubwa wake kutoka upande ambao mkubwa mwenyewe hakuwa ametokea, na mshono usionekane. Huko ni kuunganisha. Mchezesha santuri angemtambua kuwa mwenzake.

Mgogoro wa ushairi uliofuata kuchapishwa kwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka 1974 ungaliweza kuwafunza wahakiki jambo hili, lakini ulikwenda njia nyingine. Wanajadi walisema pasipo mizani hapana shairi. Wanamabadiliko walisema mizani imeyafanya mashairi yafanane. Pande zote mbili ziliutazama mfanano kama sifa ya shairi moja moja, ukiwa fahari kwa hawa na pingu kwa wale. Wachache walijiuliza kama kanuni huenda ikawa ni makubaliano kati ya mtunzi na hadhira ambayo hayana haja ya kutetewa wala kubomolewa kabla ya kuangaliwa yanafanya kazi gani. Na tabia hiyo ya kulihukumu umbo badala ya kazi ya umbo ndiyo iliyorithiwa na wanaouhukumu muziki wa mashine.

Albert Lord, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alieleza jinsi mwimbaji anavyoweza kuapa kwamba ameuimba wimbo ule ule neno kwa neno, ilhali kinasasauti kinaonyesha kwamba si ule ule. Mwimbaji huyo hakuwa mwongo. Neno "ule ule" lilikuwa na maana nyingine kwake. Kitabu cha Lord kimesomeshwa katika idara za fasihi kwa miaka mingi, na tangu Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai, mwaka 1968, kwamba fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, hakuna idara nchini Kenya inayothubutu kuikana kwa mdomo. Lakini fasihi simulizi inayoheshimiwa ni ile ambayo msimulizi wake amekwisha kufa, au yuko mbali, au hana umeme. Akishika gitaa lenye waya na akalipwa kwa usiku, huhamishiwa katika fungu la burudani.

Si kwamba hakuna mfanano mbaya. Wanaoutetea muziki huu kwa kusifu kila kitu wana makosa yao, nayo si madogo kuliko ya wanaoulaani. Upo kwanza mfanano wa uvivu: mpigaji aliyekinunua kinanda, akabonyeza mdundo uliotiwa humo kiwandani, na akauacha uende usiku kucha huku akiyataja majina ya wanunuzi wa bia. Huyu hana safari. Amesimama stesheni akipiga honi. Anatofautiana na mwenziwe kwa vipimo ambavyo mhakiki yeyote mwenye subira anaweza kuvitumia: ni wakati gani alioamua kutoka katika wimbo mmoja, ni neno gani lililomfungulia mlango wa unaofuata, hadhira ilijibu nini, na jibu hilo lilimgeuza vipi.

Upo wa pili, ulio mzito zaidi. Maina wa Mutonya, ambaye ameuandikia mugithi kwa kina, amekwisha kuonyesha jinsi maonyesho yake yanavyobeba dhana za kikabila: mzaha juu ya lafudhi ya hawa, tohara ya wale, ubahili wa wengine. Mizaha hiyo haibadiliki. Husikika Nairobi kama inavyosikika Nakuru, na hadhira huicheka kabla haijamalizika. Mwishoni mwa Januari 2008 watu waliuawa Nakuru na Naivasha kwa sababu ya majina yao na lugha zao, na Gilgil iko katikati ya miji hiyo miwili, juu ya barabara moja nayo. Mahali hapo mzaha uliokaririwa si kitu chepesi. Baadhi ya wapigaji wanalijua hilo. Mbele ya hadhira ya mchanganyiko, ya askari, madereva na wafanya biashara waliotoka kila pembe ya Kenya, huweza kuugeuza mzaha umrudie msemaji mwenyewe. Wengine huutoa kama walivyoupokea. Tofauti kati ya hao wawili ni tofauti ya kisanaa na ya kimaadili kwa pamoja, na ndiyo kazi hasa ya uhakiki. Mhakiki aliyetangaza kwamba zote ni moja hawezi kuiona. Amejipofusha mahali ambapo jicho lake lilihitajiwa mno.

Kosa la upande mwingine ni la wanaoabudu upya. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa singeli uliorekodiwa katika studio ya Sisso, Dar es Salaam, na wasikilizaji wa Ulaya wakaupokea kama kitu kilichoanguka kutoka mbinguni, kwa kuwa mwendo wake wafikia mapigo mia mbili na zaidi kwa dakika. Hakikuanguka. Vijana wa vitongoji kama Manzese na Tandale walikuwa wamekata vipande vya taarabu, wakavikimbiza na kuvirudiarudia katika sherehe za mitaani. Kuusifu muziki huo kwa upya peke yake ni kuwanyima watunzi wake kumbukumbu, na ni kuwaandalia aibu, kwa maana wakitoa kazi ya pili inayofanana na ya kwanza wataambiwa wamekwisha. Upya wa namna hiyo ni kipimo cha mnunuzi. Kwa mbali, Kariandusi, ambako Louis Leakey alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1920, kilomita chache tu kutoka Gilgil, yapo mashoka ya mawe ambayo umbo lake halikubadilika sana kwa maelfu mengi ya miaka. Anayeyatazama kwa haraka huona jiwe moja lililozidishwa. Anayeyashika huona kwamba kila moja lilichongwa kufuata mshipa wa jiwe lake.

Kuna familia moja ambayo historia yake inalifanya swali hili liwe gumu zaidi. Joseph Kamaru, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2018, ni miongoni mwa watunzi wakubwa wa nyimbo za Kikikuyu, na nyimbo zake ni chakula cha kila siku cha wapiga mugithi. Mjukuu wake ana jina lilo hilo, Joseph Kamaru, kama desturi ya kuwarithisha wajukuu majina ya babu inavyotaka. Hulifupisha kuwa KMRU, na amejijengea makazi ya kisanii Berlin. Albamu yake ya mwaka 2020, Peel, haina gitaa, haina maneno, wala haina mdundo: ni sauti za mazingira na mingurumo inayotanda na kuondoka. Zaidi ya hayo, ameshughulika kuzitoa upya rekodi za babu yake. Ni nani basi mrithi wa Kamaru? Nadharia ya upya itamtaja mjukuu na kumfukuza mpigaji wa Gilgil kama mwigaji. Nadharia ya jadi itamtaja mpigaji, na kumshangaa mjukuu. Ukweli ni kwamba mmoja amerithi jina na wajibu wa kuhifadhi, mwingine amerithi nyimbo na wajibu wa kuzitumia, na babu mwenyewe, aliyetunga juu ya miundo ya nyimbo za jadi alizozikuta, hakuwa ameanza kutoka katika utupu.

Yote haya yangaliweza kuwa ubishi wa wanazuoni lau fedha na haki zisingekuwamo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haimdai mtunzi alete jambo ambalo halijapata kusikika. Yataka juhudi za kutosha kuipa kazi sura yake yenyewe, na yataka kazi iwe imeandikwa, imerekodiwa, au imetiwa katika umbo linaloshikika. Katika suala la upya, basi, sheria ina ukarimu kuliko wahakiki. Ugumu uko katika sharti la pili. Kile anachokitunga mpiga mugithi, yaani mpangilio, mpito, tafsiri ya papo kwa papo na majibizano na hadhira, hufa alfajiri. Haki za mtendaji anazo, naam. Lakini humwita mtendaji wa kazi za wengine. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni nayo huzungumza na jamii, naye si jamii. Na mirabaha huhesabiwa kwa wimbo. Usiku wake hauna mahali pa kuandikwa.

Haifai kulisimulia jambo hili kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyedhulumiwa. Kizazi cha Kamaru kina madai yake dhidi ya kila baa ambamo nyimbo zao zinapigwa bila ya senti kuwafikia, na mpigaji ni mmoja wa wanaonufaika. Huko ng'ambo kisa kinachojulikana sana ni cha Gregory Coleman, mpiga ngoma wa The Winstons, ambaye mwaka 1969 alipiga kipande cha sekunde kama sita kilichokuja kukatwa na kukaririwa katika maelfu ya rekodi za muziki wa mashine. Alifariki mwaka 2006, akiwa hajapata mrabaha wowote wa kipande hicho. Anayesema kwamba kukariri ni sanaa anawajibika kusema pia ni nani alipwe kwa kilichokaririwa. Lakini swali hilo haliwezi hata kuanza kujibiwa na mtu anayeshikilia kwamba hakuna cha kutofautisha: kama nyimbo zote ni moja, hakuna aliyeibiwa na hakuna aliyetunga. Wenye baa, wenye redio na makampuni yanayouza muziki kwa njia ya simu watalipenda sana fundisho hilo, na wamelipata bure kutoka vyuoni.

Mhakiki anayetaka kuipinga hoja hii asilete nadharia nyingine. Na amfuate mpigaji mmoja kwa Jumamosi tatu, kwa ridhaa yake na kwa malipo, na kinasasauti kiwe mezani tangu kamba ya kwanza ikikazwa mpaka kinanda kikizimwa. Anakili kila mpito na saa yake. Aandike kando ni nani walioketi karibu, ni nani walioinuka kucheza, na ni mzaha gani ulioachwa Jumamosi ya pili kwa sababu ya aliyeingia mlangoni. Kisha aziweke nakala hizo tatu mbele ya wanafunzi wa mwaka wa pili, pamoja na beti mia za Tambuka, na awaulize ni kipi kati ya hivyo kinachojirudia zaidi. Na mpigaji naye aalikwe siku hiyo, akae mbele, aulizwe kwa nini aliutoka wimbo wa Kamaru pale alipoutoka.